Minazi Kumi na Saba

Zamani hizo, kabla ya uhuru, nilikuwa mkwezi, na mkwezi anayejua kuandika tarakimu alikuwa adimu Bagamoyo. Tarakimu nilizipata katika miaka miwili ya shule. Chuoni, kwenye Kurani, sikufika mbali. Nilifika nusu ya juzuu ya kwanza nikaona jua kali. Nayasema haya mapema usije ukadhani anayekusimulia ni mtu wa vitabu. Mtu wa vitabu alikuwa yule mgeni.

Alipanga chumba mtaani Dunda. Mzungu kijana, ndevu mpaka kifuani, naye alisema ni mwanafunzi. Barazani watu walicheka: mtu na ndevu zake, mwanafunzi? Akatueleza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, kwamba elimu yake ni ya takwimu, na anatafuta daraja ya juu kabisa, ya udaktari, ila si ule udaktari wa sindano. Masomo ya darasani ameyamaliza, mitihani ameshinda. Yamebaki mawili: aandike kitabu chenye jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla yake, kisha asimame mbele ya walimu wake wamhoji, na kila namba aseme imetoka wapi. Mzee mmoja akamwuliza, akishahitimu watampandisha farasi wamzungushe mjini, kama mtoto aliyehitimu Kurani? Akasema hapana, watampa mkono tu. Tukamhurumia.

Jambo lenyewe lilikuwa minazi yetu. Alitaka kujua shamba zima linazaa kiasi gani bila kuipanda minazi yote. Akaiandika namba kwa chokaa, akatia vikaratasi mkebeni, akawa anapiga kura. Mnazi ulioangukiwa na kura ndio ninaoupanda mimi, nahesabu koroma na nazi, vidaka, vile vichanga, naviacha, nikishuka naandika daftarini. Yeye hakunifuata kila siku, maana alikuwa na mashamba mengine huko Mkange.

"Mti wa kura usiubadili," aliniambia. "Hata ukiwa mbaya. Ukibadili, kitabu changu kimekufa."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Sasa, kwetu mnazi mzuri hauachwi uchi. Mwenyewe huufunga kago: chupa yenye maji meusi, kitambaa chekundu, pengine na kifupa, vinaning'inia shinani. Anayeupanda bila idhini tumbo humvimba. Nilimjua mtu aliyevimba. Yaani yeye sikumwona, nilimjua ndugu yake. Wenye mashamba walikuwa wametoa ruhusa, ndiyo, lakini waliitoa barazani mbele ya watu, si mbele ya chupa. Basi kura ilipoangukia mnazi wenye kago, nilipanda jirani yake, nikaandika namba ya ule wa chupa. Mara ya kwanza nilitazama nyuma kabla ya kuandika. Baadaye sikutazama tena, na hilo ndilo baya zaidi.

Mwisho wa msimu hesabu yake ikakataa kukaa. Nazi walizoangua wenye mashamba zilikuwa nyingi kuliko zilizotoka kwenye karatasi zake. Akanijia nyumbani, amekonda.

"Bwana mkwezi, miti ilikuwa ile ile?"

"Wallahi, ile ile."

Akaniamini. Akasema basi kosa ni lake, akarudi kuzifanya hesabu upya. Wiki mbili, kila nikipita dirishani kwake namwona kainamia meza, anaandika, anafuta. Mke wangu akaniuliza kwa nini siku hizi naenda sokoni kwa njia ya nyuma. Nikamwambia ya mbele ina matope. Kiangazi kile.

Siku ya siku nikamwendea bibi mmoja mwenye shamba, nikampigia shikamoo, nikamwomba afungue kago yake nipande nihesabu. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Kago gani, mjukuu wangu? Ile chupa ya siki. Marehemu mume wangu aliitundika kuwatisha wezi wajinga. Kumbe na wakwezi."

Nikatazama juu ya mnazi ule. Kole mpya za nazi zilikuwa zimeshonana tayari. Hapo ndipo akili yangu fupi ilipofika: mtu hafungi kago mnazi usiozaa. Kila nilipoikwepa chupa, nilikwepa mnazi mzuri.

Nikaenda kwa mgeni mchana ule ule, nikamwambia yote, chupa, jirani, na kiapo. Nilitaka anitukane, mtu akitukanwa hupumua. Hakunitukana. Alifungua ukurasa mweupe.

"Meli yangu inaondoka Jumatatu," akasema. "Kupanda tena hakuna nafasi. Lakini nikijua ulibadili miti mingapi, nitaliandika hilo kitabuni, na walimu wakiuliza nitakuwa na jibu. Ilikuwa mingapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeweka alama yoyote. Neno lilikuwa moja tu, sijui, na mimi nilikuwa nimetoka kutubu muda ule ule. Lakini kalamu ilikwisha gusa karatasi, naye ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga.

"Kumi na saba," nikasema.

Akaandika. Akanishukuru, akanipa mkono.

Namba ile niliitoa wapi, nimejiuliza sana. Rakaa za sala tano za siku moja ni kumi na saba. Labda ndiyo hesabu iliyokuwa karibu na ulimi wangu. Nikiwaza hivyo naona haya maradufu.

Ulipita mwaka na kitu, ikaja barua. Mwalimu wa shule akanisomea barazani. Yule bwana amehitimu. Walimu wake walimbana sana kwa ajili ya minazi ya kwetu, na alipowaonyesha ukurasa wa ile miti kumi na saba walimsifu kwa ukweli wake. Mwishoni ameandika kwamba sifa ile ni yangu pia. Watu wakasimama kunipa mkono, mmoja mmoja, na yule mzee wa farasi akiwa wa kwanza. Nikaipokea mikono yao yote.

Mwalimu akatoa kalamu, akauliza nataka kujibu nini. Nikasema mwandikie salamu.

"Salamu tu?"

Nikasema salamu tu.