Kungoja Kazi Zirudi

Katika darasa langu la kompyuta hapa Manundu, kijana mmoja alituma kazi tatu za kunakili mafaili zifanyike nyuma kwa wakati mmoja, kila moja na alama ya & mwishoni, kisha akaandika amri ya wait, yaani "ngoja". Skripti yake, ile orodha ya amri aliyoiandikia kompyuta, ikatulia mpaka zote zikaisha, ikachapisha: "Salama." Kumbe kazi moja ilikuwa imekufa njiani.

"Mwalimu, imenidanganya!"

"Haijakudanganya, mwanangu. Wewe uliuliza kama zimeisha. Amri ya wait ikiwa peke yake hungoja zote, halafu hujibu sawa, hata kama moja imeharibika. Shika namba ambayo kompyuta huipa kila kazi unapoituma, uingoje kwa namba yake. Hapo itakuambia imeishaje."

Alielewa upesi. Mimi niligeukia ubao kuufuta, nikamkumbuka mama.

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mazingara, nyumba yetu ilikuwa fito tupu. Asubuhi moja mama alitutawanya: kaka akate miti, mimi niteke maji, dada alete nyasi za kuezekea. Yeye akabaki akikandika udongo. Kwetu sinia halikuguswa mpaka watoto wote wawe wamerudi.

Mchana aliuliza bila kugeuka, "Mmerudi wote?"

"Wote, mama! Njaa inatuua," kaka akajibu.

Akanawa, akapakua ugali. Dada hakula. Alisema ana usingizi.

"Bibi harusi huyo," kaka akamtania. "Mzigo wa nyasi tu, hoi!"

Tulicheka. Hata yeye alicheka, kope zikimlemea. Mama alimwacha apumzike.

Alasiri tulipomwamsha, ulimi ulikuwa mzito. Alijikaza kusema kuwa kitu kilimchoma mguuni kule kwenye nyasi, akadhani ni mwiba. Mama aliuinua mguu, akaona alama mbili za meno ya nyoka. Wanaume walimbeba kwa kitanda kuelekea zahanati. Hawakufika naye akiwa hai.

Tangu hapo mama hakuuliza tena kama tumerudi wote. Kabla ya kupakua alituita mmoja mmoja, kwa jina, akapapasa nyayo zetu na kuuliza, "Wewe umerudije?"

"Salama, mama."

Akimaliza kutukagua sisi wawili, alibaki ameinama, mkono ameunyoosha, kana kwamba kuna mguu mwingine wa kushika. Ugali ulipoa. Tulimngoja.