Jumanne za Mume Wangu na Samaki Mla Mwani

Mume wangu Mahamudu ni fundi wa vioo hapa mtaani Kamalondo, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kumwonea wivu samaki. Simcheki sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakionea wivu kiti.

Miaka tisa iliyopita, mstaafu mmoja wa reli aliyekaa mtaa wa Golf alimwagiza amtengenezee tangi la samaki la kioo. Mahamudu alilikata na kuliunganisha kwa mikono yake. Yule bwana akatia samaki wekundu, na mnene kuliko wote akamwita Chef de gare, mkuu wa stesheni, kwa vile alivyokuwa akipita mbele ya wenzake kama anawakagua. Bwana alipofariki, mjane wake, Mama Constance, hakuweza kulitunza tangi peke yake. Basi kila Jumanne asubuhi mume wangu akawa anakwenda kubadilisha maji na kukwangua mwani, ule utando wa kijani unaoshika kwenye kioo.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Mahamudu alikuwa akirudi saa tisa alasiri. Mama Constance alikuwa anachukua kiti kwenye meza ya chakula, anakiweka pembeni ya tangi, anaketi, na mazungumzo yanaanza: Mitwaba alikozaliwa, marehemu mumewe, wanawe walioko Ubelgiji, magoti yake. Halafu chai. Mwanzoni alimwita Monsieur. Mwaka wa pili akawa anamwita Papa Yasmine, jina alilolipata kwa uchungu wangu mimi niliyemzaa Yasmine. Najua Mama Constance ana miaka sabini na mitatu. Wivu wangu haukuuliza umri.

Nyumbani Mahamudu hana maneno. Anakula, anaswali, analala. Jumanne tu ndiyo alikuwa akirudi na hadithi, shati likinuka maji ya samaki, nami nilikuwa nampa mgongo, nasonga bukari, ugali wetu, na kujifanya sisikii.

Mwaka juzi mmoja wa wanawe akamwambia Mama Constance kwenye simu kwamba wapo wanyama wanaokula mwani, hakuna haja ya mtu kukwangua. Jumanne iliyofuata alimwona Mahamudu akishika kiuno baada ya kuinama.

"Papa Yasmine," akamwambia, "weye njo unajua hii mayi. Unichagulie samaki yenye itakula hii kijani, usiendelee kujiumiza mugongo."

Alirudi amenuna. Kwa siku tatu alimsema samaki ambaye hata hajanunuliwa. Eti atashinda akilamba kioo ambacho yeye Mahamudu amekikata, na Mama Constance ataketi kumtazama huyo, na ya nini tena kumwita fundi. Nilicheka. Maneno yale niliyajua, nilikuwa nimeyasema mwenyewe moyoni kila Jumanne.

Jumamosi tukaenda wote kwa Guelor, anayeuza samaki mjini. Guelor alitutolea wanyama wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa konokono wadogo wenye mistari myeusi. Alisema hawamgusi mtu, wanakula mwani mpaka kioo kinang'aa, na katika maji yasiyo na chumvi hawazaliani, kwa hiyo hawatajaza tangi. Wa pili alikuwa samaki mwembamba wa kahawia, urefu wa kidole, amebandika mdomo kwenye kioo. Huyu, alisema, akiwa mdogo anasafisha vizuri sana. Akikua anauacha mwani, anaanza kujibandika ubavuni mwa wenzake na kuwafyonza ute wa ngozi, hasa samaki wanene wasio na mbio. Alituuliza kama tuna samaki wekundu.

Mahamudu akasema hatuna. Akamchukua yule wa kahawia.

Nilisikia yote. Hesabu ya mume wangu niliiona usoni mwake: samaki asafishe miezi michache, achoke, kisha fundi arudi kuhitajika, na yeye atamtoa kabla hajaleta madhara. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nikajisemea, huyu samaki atamwaibisha, Mama Constance atamfukuza, na Jumanne zitakuwa zangu. Nikafunga mdomo. Mahamudu akamwambia Mama Constance kwamba konokono wanataga mayai kila mahali, ni uchafu mtupu.

Samaki alifanya kazi. Kwa miezi kadhaa kioo kilikuwa safi, Mahamudu akawa anabadilisha maji tu, na kile kiti kiliendelea kuwekwa pale pale. Hilo lilimshangaza, lakini hakulitafakari. Alibaki kumtazama samaki kwa jicho baya, akihesabu amerefuka kiasi gani. Alipoona ametosha kutolewa, samaki naye alikuwa amejua kujificha nyuma ya mawe. Mahamudu akasema atamtoa Jumanne ijayo. Kisha malaria ikamlaza wiki mbili.

Siku aliyopata nafuu nilimsindikiza, kwa kuwa bado alikuwa dhaifu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona kile kiti. Cha mbao, cha kawaida kabisa, kina mto mdogo. Mama Constance alikuwa amekikalia, na Chef de gare alikuwa ameelea juu ya maji, ubavu mmoja umechubuka mpaka nyama. Alikuwa ndiye samaki wa mwisho kati ya wale walionunuliwa na marehemu.

Mama Constance alimwuliza Mahamudu ni ugonjwa gani. Mume wangu angeweza kusema ni maji. Angeweza kusema ni uzee, naye angeaminiwa.

"Haiko ugonjwa, Maman," akasema. "Ni hii samaki nilikuletea. Muuzaji alinielezea, nilijua. Nilifanya jalousie, wivu tu, niliona itakamata fasi yangu."

Mama Constance akaligeukia tangi.

"Nilitafuta samaki ya kusafisha vitre, hii kioo," akasema, "sababu weye ukuye tu kukaa, tusimulie. Njo ile tu."

Hakupaza sauti. Aliinuka, na magoti yake yale, akakibeba kiti mwenyewe, akakirudisha kwenye meza ya chakula. Nilifungua kinywa niseme kwamba hata mimi nilijua, nilikuwepo, nilisikia. Sikusema.

Hakumfukuza. Samaki wekundu walionunuliwa baadaye aliwagawa kwa majirani, na yule wa kahawia akakataa auawe, akisema alifuata maumbile yake tu. Sasa anaogelea peke yake mle ndani, mkubwa, mwani haugusi tena. Kioo kinakuwa kijani kila wiki, na kila Jumanne Mahamudu anakwenda kukikwangua. Anafunguliwa mlango na mtumishi. Mama Constance anakaa barazani.

Kabla ya saa tano asubuhi mume wangu yuko nyumbani. Jumanne nimezipata, kama nilivyotaka. Nasonga bukari nikiwa nimemgeukia, namuuliza huko Golf kuna habari gani. Ananijibu kwamba kioo amekisafisha.