Binti Yangu Alipokataa Kusema "Naamini"

Mimi ni fundi seremala wa Keko, tena ni mzee wa kanisa. Mabenchi ya kanisani kwetu nimeyatengeneza mwenyewe, na hilo nimemwambia hata asiyeniuliza. Kwa hiyo binti yangu wa miaka kumi na minne alipomaliza mafundisho ya kipaimara, picha yote nilikuwa nayo kichwani: yeye kwenye gauni jeupe mbele ya madhabahu anaitikia "Naamini", na mimi benchi la mbele nikisingizia vumbi limeniingia machoni.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, tukiwa tunakula nyumbani Kiwalani, akaweka kijiko chini.

"Baba, mie sitasimama na wenzangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mchungaji atatuuliza kama tunaamini. Mie bado sijui. Nikisema ndiyo, si nitakuwa nimedanganya, tena kanisani?"

Mama yake akanigeukia mimi, kama mteja aliyerudisha kiti kilichovunjika mguu.

Nilikasirika, sitaficha. Kila jioni nyumbani kwangu tunasali kabla ya kula, na sala zangu si za haraka. Naanza na shukrani ya pumzi, napita kwa wagonjwa, wasafiri na viongozi wa nchi, na nikifika kwenye chakula chenyewe wali umeshapoa. Niliamini mtoto aliyekula wali wa baridi miaka yote hiyo lazima imani imemwingia. Mke wangu anasema kilichomwingia ni njaa.

"Wewe sema tu," nikamwambia. "Itaingia baadaye. Wote tulifanya hivyohivyo."

Jumamosi akaja karakana kunisaidia kupiga msasa, kama kawaida yake. Nilikuwa namalizia mlango wa kabati na ubao mmoja ulikuwa na ufa. Nikafanya tunavyofanya mafundi wengi tukibanwa na mteja: nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikashindilia kwenye ufa. Ukishapiga msasa na vanishi, mteja haoni kitu. Ataona baada ya miezi kadhaa, gundi ikianza kubanduka.

Binti yangu alinitazama mpaka nikamaliza.

"Baba, hii si ndiyo ile ya 'itaingia baadaye'?"

Nilimwambia mtoto mwenye adabu hasemi na baba yake hivyo. Akaomba radhi na kuendelea kupiga msasa, tena vizuri sana, jambo lililoniudhi zaidi. Akageuza mlango upande wa pili. Kisha akauliza, taratibu, kama mimi siku ya kipaimara changu niliamini.

Ningeweza kudanganya, lakini ule ufa ulikuwa mbele yetu.

"Nilikuwa na viatu vipya," nikasema. "Vilinibana. Nilisema naamini kwa sauti kubwa kuliko wenzangu wote ili ibada iishe nivivue."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. "Sasa ikaingia lini?"

"Sijui, mwanangu. Kuna siku nilijikuta naomba, na hakukuwa na mtu wa kunisikia naomba."

"Basi acha na mie niisubiri hiyo."

Niliung'oa ule ubao nikaweka mwingine. Mteja alingoja siku mbili zaidi na alinisema sana.

Nilipomwambia mchungaji kwamba binti yangu hatasimama, naye aliniuliza kama nina uhakika na ninachokifanya. Sikuwa nao. Jumapili ilipofika, wenzake binti yangu wakasimama na magauni yao meupe, naye akakaa katikati yetu, benchi la mbele. Hapo ndipo nilipojua kwamba mabenchi yangu ni magumu. Wazee wenzangu walikuwa wakinitupia jicho la pembeni. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikatazama sakafu mpaka mwisho.

Tuliporudi tulimkuta jirani yetu mlangoni, mama wa Kiislamu aliyekuwa ameahidi kutupikia pilau ya sherehe. Alikuwa ameshika sufuria.

"Jamani, dada, si nilikwambia sherehe haipo tena?" mke wangu akasema.

"Mie niliahidi pilau," akajibu. "Sherehe ilikuwa yenu."

Tukaketi. Nikafumba macho, tayari kuwaendea wagonjwa na wasafiri wangu.

"Baba, leo niombe mie?"

Hakuwahi kuomba kwa hiari yake. Nikakubali kwa kichwa.

"Mungu, mie bado sijui kama unanisikia. Ila kama unanisikia, baba yangu leo ameona aibu kwa ajili yangu, na hajanigombeza. Mwangalie. Amina."

Niliitikia wa mwisho, nikisingizia vumbi limeniingia machoni. Pilau ilikuwa bado ya moto.