Yai Bichi na Kamba ya Bosi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona mtu anaongoza mbwa kwa kamba. Jana ulipotuma ile video, wewe na mbwa wako mnavutana barabarani huko Babati huku mbwa wa jirani akiwatazama kwa mshangao, mama yako alicheka hadi akakaa chini. Hakuwa anakucheka wewe. Alikuwa ananicheka mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, hapa hapa Gitting, na baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliniachia ng'ombe wanne, jembe la kukokotwa na mbwa mmoja mwekundu aliyeitwa Bosi. Ng'ombe walinizoea upesi. Bosi alichukua muda. Miezi mingi alikwenda kulala mlangoni pa chumba cha baba, masikio juu, akisubiri asikie kikohozi chake. Kwa hiyo uelewe kwamba kwangu huyo hakuwa mbwa wa kufukuza fisi tu.

Mbwa wa kwetu unawajua, hawafungwi. Kamba wanaiona mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hiyo kila mtu anatafuta kipande cha katani, anakifunga shingoni mwa mnyama asiyejua kamba ni nini, na kumburuta hadi kwenye josho. Halafu tunashangaa wakipigana.

Siku ya chanjo ya mwaka huo nilikuwa nimeizungusha kamba mara tatu kwenye ngumi. Mbele yangu alisimama mzee katekista na mbwa wake Tomi. Asubuhi hiyo hiyo Bosi na Tomi walikuwa wamelala pamoja kwenye majivu nyuma ya jiko letu. Lakini mimi nilipomwona Tomi niliona mbwa mbele ya mbwa wangu, nikavuta kamba. Bosi akanguruma. Nikavuta zaidi na kumpigia kelele. Akasimama kwa miguu miwili, akabweka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kisha akamrukia mwenzake. Mimi nilifuata nyuma kwa tumbo, maana kamba ilikuwa imekataa kutoka mkononi. Tulipita chini ya meza ya bwana mifugo, na meza haikubaki mahali pake.

Bwana mifugo, mtu mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, tulimkuta amesimama juu ya benchi, boksi la dawa kifuani. "Kijana," akasema, "mrudishe nyumbani huyo. Baada ya wiki tatu nitachanja kijiji cha Mogitu. Umlete akiwa ametulia." Mtendaji wa kijiji akaongeza, bila upole wowote, kwamba kuna ndama ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa kitongoji cha jirani, na kwamba mbwa yeyote atakayekuwa hajachanjwa baada ya Mogitu atapigwa risasi. Alisema hayo akimtazama Bosi.

Niliogopa, na nikiogopa mimi huwa mkali, hilo unalijua. Nikaacha katani, nikaweka mnyororo. Nikachonga fimbo. Kila siku nilimtembeza Bosi barabarani, na nikiona mbwa kwa mbali nilivuta mapema, kabla hajafanya lolote, ili ajue nani mwenye nyumba. Ndani ya siku nne akawa anabwekea hata mbuzi. Siku ya tano aliubwekea mnyororo wenyewe nilipoutoa ukutani.

Siku hiyo ya tano ndipo nilipompita Bibi Selina njiani. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye maneno machache, na ndiye aliyefundisha maksai wa nusu ya Gitting kulima. Vijana wenye misuli wakishindwa na ng'ombe mdogo walimpelekea yeye, na baada ya siku chache ng'ombe huyo alionekana akimfuata bibi na kamba inaning'inia. Mimi nilikuwa naburutwa kwa kasi, nikamtupia shikamoo bila kugeuza shingo.

"Rudi," akasema.

Tukarudi, mimi na Bosi, kwa shida.

"Hiyo shikamoo ilikuwa yangu au ya nyasi?"

"Nisamehe, bibi. Huyu mbwa ananisumbua."

"Mfunge hapo kwenye mti. Halafu shika hapa, ufumbe macho."

Akanipa ncha moja ya kamba yake ya maksai, yeye akashika nyingine. Nilipofumba macho tu, akavuta. Nikakaza miguu na kuvuta kwa nguvu zangu zote.

"Kwa nini umevuta?"

"Kwa sababu wewe umevuta, bibi."

"Umeona adui?"

"Sijaona kitu. Nimefumba macho."

"Basi na yeye hivyo hivyo. Wewe unaona mbwa, unaogopa, mkono unakaza. Yeye anasikia shingoni kwamba kuna hatari, anainua macho, anamkuta Tomi wa watu. Unamfundisha kupigana, halafu unampiga kwa sababu amepigana. Baba yako hakumlea hivyo."

Hilo la baba lilinichoma, mwanangu. Nililia pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu, na bibi akaendelea kuongea kwa utaratibu, akijifanya hajaona.

Dawa yake ilikuwa hivi. Mnyororo niuache, nirudie katani. Mfukoni niweke ukoko wa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama. Nikimwona mtu mwenye mbwa, nisimame mbali, pale ambapo Bosi anamwona mwenzake lakini hajakasirika bado. Kamba niiache ilegee, kisha nimsalimie mtu huyo salamu kamili, ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo na ya mvua, huku Bosi anakula ukoko kipande kipande. Mbwa yule akishapita, ukoko unakwisha. Bosi akinguruma nisipige, nirudi nyuma, kwa sababu mimi ndiye niliyesogea mno. Kesho yake nisogee hatua mbili tatu, si zaidi. Na ili nisijidanganye kuhusu mkono wangu, akanipa yai bichi nilishike pamoja na kamba.

Wiki ya kwanza nilivunja mayai sita. Bibi yako, yaani mama yangu, hakufurahi.

Hebu fikiria jinsi kijiji kilivyoniona. Kijana aliyekuwa hajali mtu sasa anasimama hatua arobaini kutoka kwa wazee, yai mkononi, anapaza sauti: "Shikamoo mzee. Nyumbani hawajambo? Na yule ng'ombe aliyeharibu mimba, amepona?" Kilima kizima kilijua habari za mazizi ya watu. Mzee mmoja aliniambia nisogee kwa kuwa masikio yake ni mabovu, nikamjibu kwa heshima kwamba leo siwezi, labda Alhamisi. Wengine walisema nagombea ubalozi wa nyumba kumi. Wengine walisema nimeokoka. Mama aliulizwa kisimani kama natafuta mke, akajibu kwamba hajui, anachojua ni kwamba nammalizia mayai.

Wiki ya pili, Bosi akiona mbwa aligeuka kunitazama mimi, kuuliza ukoko uko wapi. Na mimi, kwa kusimama kule na kusalimia hadi mwisho, nikaanza kusikia mambo. Mzee katekista aliniambia, kutoka hatua ishirini, kwamba bado anamkumbuka baba kila siku ya mnada, kwa sababu walikuwa wakienda pamoja. Mwaka mzima nilidhani tunaomlilia ni mama, mimi na Bosi tu. Na binti wa katekista akawa anaitikia salamu zangu zote bila kuruka hata ya kuku. Wale waliosema natafuta mke walikuwa wamewahi tu.

Siku ya Mogitu Bibi Selina alitusindikiza. Nilisimama pembeni nikaisalimia foleni nzima, mmoja mmoja, mpaka watu wakaniomba nipumzike. Tukasogea kidogo kidogo. Tomi, ambaye naye alikosa chanjo kwa sababu yetu, alikuwa mbele yetu hatua mbili. Kamba ikaning'inia. Bosi alimtazama Tomi, akanitazama mimi, akala ukoko wake. Kisha wakanusana, wakakaa chini.

Bwana mifugo alipotuona alianza kupanda benchi, akaghairi. Akatoa sindano. Bosi hata hakugeuka. Aliyekaza mkono ni mimi, nilipoiona sindano inakaribia mgongo wa mbwa wa baba. Yai likapasukia juu ya daftari la chanjo, kwenye mstari wenye jina la Bosi. Bwana mifugo alilitazama, akanitazama, akaandika pembeni kwamba amechanjwa.

"Mbwa amefaulu," akasema Bibi Selina. Kuhusu mimi hakusema kitu.

Bosi aliishi miaka sita baada ya hapo, akafa kwa uzee, mlangoni pale pale pa baba.

Kwa hiyo mwanangu, mbwa wako si mkorofi. Anakusoma mkono. Acha kumfokea. Mpe nafasi, simama mbali, mpe kitu kitamu mwenzake akionekana, na usiwe na haraka hata kama watu wanatazama. Ukishindwa leo, rudi nyuma hatua kumi na ujaribu kesho. Na watu nao uwasalimie vizuri, maana huko mjini mnapitana tu.

Nami sikujifunza mara moja, nisikudanganye. Siku ulipoondoka kwenda chuo, pale stendi ya Katesh, kondakta alishika upande mmoja wa begi lako na mimi upande wa pili, nikisema naliweka sawa. Sikuwa naliweka sawa. Niliogopa kukuachia. Mama yako akafungua kikapu chako cha chakula, akatoa yai, akanitia mkononi. Lilikuwa la kuchemsha, lakini nilimwelewa. Nikaliachia begi.

Mungu akulegeze mkono, akutulize moyo kabla hujaogopa, akupe majirani wa kusalimiana nao hadi mwisho na mfuko usiokosa ukoko. Krismasi njoo na huyo mbwa. Nitasimama getini, hatua arobaini, nikusalimie kwanza. Mama yako ameshaniwekea yai.