Mashine ya Mikono Miwili

Mume wangu alikuwa anakata majani. Wanawake wenzangu waume zao walikuwa walimu, au madereva wa malori ya kwenda Zambia, au walevi. Wangu alikata majani ya kiwanja cha kanisa letu hapa Ihanda, na ya uwanja wa mpira wa shule uliopakana nacho, kwa fyekeo, tangu tulipokuwa vijana mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Hakulipwa cha maana. Mvua zikianza, majani ya huku hayana adabu: unafyeka leo, ukipiga chafya yamekufika magotini. Yeye hakulalamika. Aliamka, akanoa, akaenda. Akimaliza, kiwanja kinakaa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mama yake. Wageni wa harusi wakishuka kwenye gari walikuwa wanasema, "Jamani, hapa pazuri," na mimi nilikuwa napita mbele yao taratibu makusudi, ili mtu aniulize ni nani aliyefanya kazi ile.

Halafu mgongo ukamwangusha. Kwanza vidole vya miguu vilikufa ganzi, akasema ni baridi tu. Kisha magoti. Hospitali wakasema ni uti wa mgongo, kuna kitu kinaubana, na kwa umri wake hawathubutu kumpasua. Wakasema pia kwamba kitu hicho kinapanda. Tukarudi na vidonge vya maumivu. Kanisa likachanga, akapata kiti cha magurudumu.

Akawa anakaa barazani, anautazama uwanja kupitia mibuni yetu. Kanisa liliweka vijana wa zamu. Wale vijana walifyeka kama watu wanaoua nyoka: hapa kipara, pale kichaka. Mzee alikuwa anawatazama huku taya zinacheza. Siku moja akaniambia, "Bibi, nigeuze niangalie ukuta."

Nikamgeuza. Akauangalia ukuta kutwa nzima, na kesho yake, na kesho kutwa. Kufa miguu ni ugonjwa, nilikuwa nimeshaukubali. Lakini mwanaume aliyekuwa na uwanja mzima mbele yake kuomba ukuta, hilo lilinikata maini.

Sasa, mjukuu wangu ni fundi wa magari Tunduma. Narudia kwa asiyesikia vizuri: mjukuu wangu, msichana, ni fundi wa magari. Anaingia chini ya lori akiwa safi, anatoka mweusi, na lori linaondoka. Jumapili moja alikuja akamkuta babu yake na ukuta wake. Alitoa simu akamshikia mbele ya macho. Kwenye simu kulikuwa na mzungu mnene amekalia mashine ya kukata majani. Haina usukani. Haina pedeli za kuiendesha. Ina fimbo mbili, moja kwa kila mkono. Ukizisukuma zote, inakwenda. Ukizivuta, inarudi kinyumenyume. Ukisukuma moja na kuvuta nyingine, inageuka palepale ilipo, kama msichana anayejitazama na gauni jipya.

"Babu, umeiona miguu yake?" mjukuu akauliza. "Haina kazi. Imebebwa tu kama mzigo."

Mzee akainamia simu. Kisha akasema, "Irudie." Ikarudiwa. "Irudie tena."

Halafu akaniita. "Bibi, nigeuze."

Nikamgeuza akautazama uwanja, na mimi nikaenda jikoni kulia, maana mbele yake sikuwa nalia. Hapo hapo nikaamua: mtu huyu atakata majani tena kwa mikono yake, kabla kile kitu hakijamaliza kupanda. Tulikuwa na fedha ya kahawa ya msimu ule. Nikaongeza ng'ombe wangu mmoja. Ndiyo hiyo tu, hakukuwa na nyingine ya kutafuta.

Tulianzia Tunduma, mimi na mjukuu, dukani kwenye mashine mpya. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati la kubana. Akatuonyesha moja kubwa, inang'aa, akataja bei.

"Kwa bei hiyo inasonga na ugali?" nikamwuliza.

"Bibi yangu, hiyo ni mpya. Haijaguswa na mtu."

"Hata mimi siigusi."

Akatupeleka kwenye ndogo, ya bei ya chini, nayo mpya. Hiyo tungeiweza, kwa kubana. Ilikuwa nzuri ya kutazama. Nikaligonga kwa ukucha lile bati la chini linalofunika visu, likalia kama kopo la maziwa ya unga. Mjukuu alilala chini akaichungulia, akainuka anajipangusa. "Bibi, hii ni ya bustani ya mtu mwenye nyasi za kupanda na mpira wa maji. Majani yetu yataivunja."

"Ina garantii, dada," muuzaji akasema.

"Garantii inakata majani?" nikauliza.

Mimi shule sikwenda mbali, lakini ng'ombe nawajua. Nilizaliwa Momba, kwa Wanamwanga, na baba yangu alinifundisha kwamba mtamba, ambaye hajazaa bado, unamnunua kwa tumaini. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa unamnunua kwa macho: kiwele unakiona, ndama wake unamwona, kovu lake unaliuliza. Mtu mwenye fedha nyingi anunue tumaini. Sisi tukaenda kutafuta iliyokwisha kuzaa.

Tuliipata karibu na mpaka, kwa mama mmoja wa upande wa Zambia anayeuza vitu vilivyotumika kwenye mashamba makubwa ya kule: pampu, jenereta, mafriji. "Mulishani, mayo," nikamsalimia, yaani hujambo, mama, nimekunja magoti kidogo, napiga makofi ya pole pole kama tunavyosalimiana sisi watu wa mpakani. Naye akapiga, "Bwino, mayo," tukawa ndugu. Mashine yenyewe ilikuwa imechakaa rangi, nzito, chuma kitupu. Mjukuu akaweka kiganja kwenye injini.

"Mama, hii mbona imeshaamka?"

"Aa, nilikuwa naijaribu tu, mwanangu."

Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa, kwa hiyo tukaaga, tukaondoka. Ng'ombe wa maziwa huendi kumwona saa aliyokupangia mwenye ng'ombe. Unamfumania wakati wa kukamuliwa. Asubuhi ya pili tulikuwa getini kabla yule mama hajafungua. Alipotuona alicheka mpaka akashika kiuno. "Mayo, wewe ni mbaya!" Injini ikiwa ya baridi ikakohoa mara moja, ikatoa moshi, ikatulia ikinguruma. Mjukuu akaingia uvunguni. Bati la visu lilikuwa na welding moja, akasema imeshika. Mkanda ulikuwa umepasuka pasuka, akasema huo hautufikishi popote. Akapanda, akaiendesha uani, fimbo zote mbele. Ikawa inavuta kidogo upande mmoja. Akasema hilo ni la kurekebisha kwa spana. Tukabishana bei mpaka jua likatuchoma. Mwisho akakubali, akatupa na mkanda mpya na visu vya akiba, akisema nimemnyonya damu.

Kila nilipokwenda Tunduma nilirudi jioni nikamsimulia mzee kila kitu: shati la yule kijana, kopo la maziwa, mama kushika kiuno. Alikuwa anacheka, anauliza maswali. Siku ile ya mwisho akaniuliza, "Hizo fimbo ni nzito?"

"Nyepesi. Mjukuu wako anasukuma kwa vidole."

"Na lazima zote mbili?"

"Si ndiyo usukani wake, mzee wangu?"

Akasema, "Haya." Akavuta blanketi.

Kitu kimoja nilikiona siku zile, nikakisoma vibaya. Watu wakija kumjulia hali, alikuwa hapigi tena makofi ya salamu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, kama bwana mkubwa. Nikamsema, "Ugonjwa umekupa kiburi?" Akacheka.

Mashine ikaja Jumamosi, juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kanisa zima lilikuwa pale, maana mimi niliwaambia, sikuficha. Wanaume wanne wakambeba wakamweka kitini, mjukuu akamfunga mkanda, akaiwasha, visu vikaanza kuvuma chini. Mzee akaweka mkono wa kulia kwenye fimbo.

"Na mwingine, babu," mjukuu akapaza sauti.

Ndipo nilipoona. Aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua kama unavyonyanyua kifaranga kilichokufa, akauweka juu ya fimbo ya pili. Ukalala pale. Kisha akarudisha wa kulia mahali pake, akasukuma.

Upande mmoja ukaenda, wa pili ukabaki. Mashine ikageuka. Ikazunguka palepale, ikazunguka tena, majani yanaruka, na watoto wakashangilia, "Babu anacheza! Babu anacheza ngoma!" Akasimamisha, akajaribu tena, meno yameuma mdomo. Ikazunguka. Mjukuu akakimbia huku anapiga kelele, "Babu, achia! Achia!" Akaachia.

Kwenye yale majani marefu kulikuwa na duara moja dogo lililokatika, safi kabisa. Mzee akalitazama.

"Kisu ni kizuri," akasema.

Niliwafukuza watu wote pale, na mjukuu nikamfukuza. Nikamshika ule mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokwenda dukani mara ya kwanza."

"Na ukaniacha niende na kurudi Tunduma? Ukaniacha niuze ng'ombe? Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unarudi unaongea."

"Nini?"

"Jioni. Ulikuwa unarudi unaongea, bibi. Tangu niugue ulikuwa unanilisha tu na kunigeuza. Huongei."

Nilimpiga ngumi. Sitadanganya, nilimpiga mgonjwa ngumi ya bega. Lilikuwa bega la kushoto, wala hakusikia.

Watu waliniambia baadaye, eti mke gani haoni mkono wa mumewe umekufa. Sijilaumu, na anayetaka kunilaumu aje na wa kwake nimkague. Mwanaume wa kwetu anakula kwa mkono wa kulia, anapokea kwa wa kulia, anashika mikono ya watu kwa wa kulia. Wa kushoto nani anaudai? Ulikuwa chini ya blanketi. Kitu pekee kilichoudai kwetu ni yale makofi, na hayo aliyaacha.

Yule mama wa mpakani angeipokea tena, kwa hasara yetu lakini angeipokea. Mjukuu alikuwa ameshampigia. Mzee akakataa. "Apande bibi yenu," akasema.

"Mimi? Na magauni haya?"

"Kwani ukivaa gauni mikono inapungua?"

Basi nikapanda. Yeye akasukumwa mpaka kivulini pembeni ya uwanja, akanifundisha kwa matusi. "Unakata majani au unapanda matuta?" "Mstari, bibi, mstari! Ng'ombe aliyelewa angenyoosha kuliko hapo!" Aliniambia nisitazame gurudumu, nitazame mbali, nguzo ya goli, niiendee hiyo. Siku moja nikachoka, nikazima mashine nikamjibu, "Njoo upande wewe basi!" Waliokuwa karibu wakaganda. Yeye akacheka mpaka akapaliwa, nikashuka mbio kumpiga mgongo.

Zilikuwa wiki nzuri, Mungu anisamehe kwa kuziita nzuri, kwa sababu kile kitu kilikuwa kinapanda huku tunacheka. Sauti yake ikaanza kupungua. Akawa hawezi kuishinda injini, akawa ananionyesha kwa kidole cha kulia: huko, huko, umepinda. Kisha kidole nacho kikakaa. Akawa ananitazama tu, nami nikifika mwisho wa mstari namtazama usoni nijue nimeharibu kiasi gani.

Alikufa mvua zilipoanza. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mibuni. Siku ya maziko vijana walifyeka uwanja ili watu wapate pa kukaa, na nilipoona walivyofyeka nilimwonea aibu maiti.

Sasa nakata mimi. Mjukuu anakuja kubadilisha mkanda na kunoa visu, anasema, "Bibi pumzika, niache mimi," nami namfukuza. Wageni wanapita wanasema pazuri, na wakiuliza ni nani, nasema ni mimi. Fahari sijaizika.

Juzi mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha katikati ya uwanja. "Bibi, hongera," akasema. "Uwanja umenyooka kama wa mzee."

Nikageuka nikautazama. Mstari wa tatu kutoka barabarani ulikuwa umepinda kama mguu wa mbuzi, kipofu angeuona. Nikamwambia asante. Akaenda zake. Mimi nikazima mashine, nikabaki nimekaa pale juu, nangoja mtu aniambie ukweli.