Niliacha lenzi fupi nyumbani makusudi, na picha ya Mama Risper ikatushinda

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mpiga picha wa mtaani, kwa sasa naishi Kawangware. Haya ninayoandika hakuna mtu anayajua yote, hata mke wangu anajua nusu. Sitaongeza chumvi. Kama ningekuwa nabuni, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Kazi hii niliianzia Kisumu Ndogo, Kibera. Nilitoka Machakos baada ya Form Four, nikapata chumba kwa ploti moja yenye milango kumi na miwili. Jirani yangu wa ukutani aliitwa Odhis. Na aliyetulea sisi wote pale alikuwa Mama Risper, muuzaji wa dagaa wa omena, chumba cha kwanza ukiingia geti. Ukilala njaa anakuita. Ukilewa ukasumbua watu anakuita pia.

Odhis ni mimi nilimfundisha kushika kamera. Mkumbuke hilo, maana mimi sijawahi kulisahau.

Enzi hizo vyumba vyetu ni ten by ten, futi kumi kwa kumi. Unaitwa birthday ya mtoto, unabana mgongo kwa pazia la mlango, na bado keki inaingia kwa picha lakini mtoto hatoshei. Ndiyo maana lenzi yetu ya kwanza ya maana, ambayo mimi na Odhis tulinunua pamoja, ilikuwa fupi, 24mm. Tuliiita "ya nyumba".

Kwa wasio wa kazi hii: lenzi fupi inaona pana, inabeba chumba kizima. Ndefu inavuta uso wa mtu mmoja kutoka mbali na kulainisha kila kitu nyuma yake.

Hapo ndipo tulipoweka sheria. Tukienda kazi wawili, mmoja anabeba fupi, mwingine ndefu. Hakuna kurudia. Mnaambiana kwa simu siku moja kabla, na ukishasema umesema, kwa sababu mwenzako hatabeba ile uliyosema unabeba.

Sheria nzuri. Shida yake ni moja. Mwenye ndefu ndiye husifiwa.

Mwenye fupi anapiga umati, na hakuna mtu huuliza umati ulipigwa na nani.

Miaka ikaenda. Mimi miguu yangu haijui kutulia. Nilihamia Riruta Satellite, nikaenda Mombasa, nikakaa Eldoret, nikajaribu Kitale, nikarudi Kawangware. Nimehama nyumba kumi na moja. Na kila nilipokuwa nilikuwa nawaza ile ploti, harufu ya omena asubuhi, redio tatu zikiimba vitu tofauti, foleni ya bafu. Ukiniuliza nyumbani ni wapi, kabla sijasema Machakos mdomo unataka kusema Kisumu Ndogo.

Odhis yeye hakuondoka. Mpaka leo ako pale pale. Na ni yeye alipiga ile picha ya Mama, enzi zile tukiwa wote ploti.

Mama Risper anapepeta omena, jua limepenya kwa tundu la turubai likamwangukia shavuni. Watu waliipenda sana. Mama mwenyewe aliiweka kwenye fremu.

Wakuu, dakika hiyo hiyo mimi nilikuwa hatua mbili kando na fupi mkononi. Picha yangu ninayo mpaka leo. Iko na Mama, meza, ndoo mbili, mbuzi wa mwenye ploti, na mgongo wa Odhis akipiga picha yake.

Sasa tuje kwa safari.

Mama Risper alishastaafu, akarudi kwao Siaya. Sukari imemsumbua na macho yanaenda. Daktari alimwambia ukweli, kwamba yanaenda na hayatarudi. Akampigia Odhis. Akasema hataki harambee wala sherehe. Anataka watoto wake wa ploti waje siku moja, apigwe picha na wote pamoja, ikatengenezwe kubwa, akae nayo karibu na kiti ili azijue sura zetu kabla hajashindwa kuona.

"Na umwambie Jakamba," akamwambia.

Jakamba ni mimi, yaani Mkamba kwa Kijaluo. Odhis yeye, Mama humwita *wuoda*, mwanangu. Mimi miaka yote hiyo ni Jakamba. Najua ni jina la upendo. Nasema tu nimehesabu.

Siku moja kabla ya safari Odhis akanipigia.

"Buda, mimi nakuja na ndefu. Wewe beba ya nyumba, si iko kwako?"

"Sawa," nikasema.

"Usisahau, hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Ningeweza kumwambia, hapana, safari hii tubadilishane. Angekubali. Odhis si mtu wa kukataa, na hiyo pia huniudhi.

Nikatandaza vitu vyangu kitandani. Fupi upande huu, ndefu yangu ya 85 upande ule, na begi langu kweli lilikuwa dogo, lakini si dogo kiasi hicho. Nikajiambia, ushago, huko kijijini, kuna uwanja. Ukitaka watu wote watoshe unarudi nyuma mpaka kwa mahindi, hata kwa ndefu utawapata. Nikajiambia na mimi nastahili uso wa Mama mara moja maishani, nao uwekwe ukutani kando ya ule wa Odhis. Au mahali pake.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Hiyo ingine unaiacha?"

"Ni nzito."

Akazichukua zote mbili, moja kila mkono, akazipima kama mtu anayenunua nyanya. "Ni nzito kushinda hii umeweka kwa begi?"

Nikamwambia hajui mambo ya kamera.

Tulifika Siaya kabla ya saa sita. Watu kumi na watatu wa ile ploti, na fikirini tumetoka pande gani. Omondi alitoka Nakuru, mwingine Mombasa. Achieng alikuwa amebakisha wiki moja aende kazi Qatar. Mama alitushika nyuso mmoja mmoja kwa vidole. Tukala samaki, tukacheka mpaka watu wakalia.

Halafu mvua ikaanza. Si manyunyu. Ile mvua ya upande ule inayopiga mabati mpaka mnaongea kwa kupiga kelele, uwanja mzima ukawa dimbwi.

Mama mguu wake haukuwa mzuri, hangetolewa nje hata kwa mwavuli. Na watu wengi walikuwa na safari ya kurudi saa tisa. Kwa hivyo ikaamuliwa picha ipigwe sebuleni.

Sebule yenyewe, na makochi yake, ilibaki kama ten by ten.

Odhis akanigeukia akitabasamu. "Jakamba, toa ya nyumba."

Nikafungua begi. Nikapekua kila mfuko, polepole, nikijua vizuri hakuna kitu. Mpaka leo nikikumbuka ile mikono yangu ikipekua nasikia aibu.

"Nimeisahau," nikasema.

"Umeisahau wapi?"

"Kwa nyumba. Juu ya kitanda."

Akaniangalia. Akachukua ndefu yake akabana mgongo kwa ukuta, akapata watu watatu na nusu. Nikajaribu yangu, nikapata wanne. Akatoka nje kwenye mvua na mfuko wa plastiki juu ya kamera, akapiga kupitia mlangoni. Akapata Mama, goti la mtu na kitasa.

Najua kuna mtaalamu hapa atauliza mbona hatukupiga vipande tukaviunganisha. Tulijaribu. Watu kumi na wanne hawawezi kutulia wakiwa na soda. Kwenye ile picha Omondi ako na vichwa viwili na Achieng hana hata kimoja.

Mama alikuwa kwa kiti chake, anageuza uso kufuata sauti zetu.

"Vijana wangu," akasema, "mmekuja na darubini mbili na hamnioni?"

Watu wakavunjika mbavu. Odhis pia. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwisho jirani aliyekuja kusaidia kupika akafuta mikono kwa leso, akatoa simu yake. "Ingieni wote, hata nyinyi wenye kamera." Odhis akachuchumaa kando ya Mama, na Mama akaweka mkono kichwani kwake. Nafasi iliyobaki ilikuwa mlangoni. Nikasimama hapo.

Picha moja. Giza la mvua, simu ya kawaida. Saa tisa watu wakatawanyika.

Kwa simu inaonekana sawa, kila mtu aliiweka status. Lakini Mama alitaka kubwa. Odhis akaipeleka ikatengenezwe ukubwa wa dirisha, na ikifika ukubwa huo sura zinavunjika, zinakuwa vidoa. Alifanya alichoweza. Mwezi uliopita akampelekea mwenyewe.

Jioni akanipigia simu. Alimwekea Mama picha mapajani, Mama akaivuta mpaka karibu na pua. Odhis, Mama alimjua kwa sababu ya ule mkono wake mwenyewe uliokuwa kichwani kwa Odhis. Achieng alimjua kwa rangi ya nguo. Wengine alikuwa anauliza, huyu ni nani, na huyu. Akafika mlangoni.

"Amesema, 'Na huyu ni fundi? Walikuwa wanatengeneza mlango?'" Odhis akacheka. "Nimemwambia ni Jakamba. Akasema haoni Jakamba hapo."

Nikahamisha simu sikio lingine.

"Buda, hiyo ni makosa yangu," akasema. "Mama aliniachia mimi ile kazi. Ningekupigia tena asubuhi nikukumbushe. Pole sana."

Nikamwambia, "Usijali, hutokea."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, wakuu. Usijali, hutokea.

Nimefikiria kurudia ile picha. Achieng yuko Qatar mkataba wa miaka miwili. Wa Mombasa hapati ruhusa. Na macho ya Mama hayangoji mtu.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Begi la safari si lako peke yako. Kama mwenzako ameacha kitu akijua utakibeba, kibebe, hata kama huyo mwenzako unamwonea gere mpaka meno yanauma. Kagombane naye mkirudi. Wivu ukiachiwa upange begi, utabeba kile cha kukupa sifa na kuacha kile watu walikuwa wanakihitaji.

Ningependa kuwaambia wivu umeisha. Haujaisha. Ile picha nikiifungua naangalia kwanza ule mkono kichwani mwa Odhis. Na jioni ile aliponiomba msamaha kwa kosa langu, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa aibu. Niliona hata kuomba msamaha amenitangulia.

Sasa nawauliza nyinyi mnaoishi na watu. Nimwambie Odhis kwamba sikusahau? Mama naye aambiwe, au aachwe aamini ni mvua? Waliowahi kumficha rafiki kitu kama hiki wanijibu hapo chini. Matusi pia nitayasoma.