Makofi ya Pelagia

Weka jogoo wako hapa, mimi naweka wangu: hii huiamini.

Pelagia alikuwa anauza maharage sokoni Kasulu, ubavuni mwa kibanda changu cha baiskeli. Mimi ndiye fundi bora kuanzia Kibondo mpaka Manyovu. Shule niliiacha darasa la nne, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Pelagia yeye kusoma alifundishwa na katekista aliyetaka kila herufi ipigiwe kofi. Maneno ya Kiingereza aliyaokota kwenye magunia na makopo ya msaada, akayapigia makofi hivyo hivyo. *Knife*, makofi matano. *Receipt*, saba.

"Hiyo P mbona haisikiki?" nikamchokoza. "Imekaa tu, kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia."

"Na kofi lake inapata, fundi. Nikiiruka, neno lote linanipotea."

Shida ni kwamba sisi Waha tunasalimiana kwa makofi. Wapita njia wakadhani anawaamkia, basi wanasimama, wanamjibu, na wanaona aibu kuondoka bila kununua.

Mwaka tisini na sita shirika moja la wakimbizi likatafuta karani wa stoo. Mtihani: majina kumi ya vitu, kwa Kiingereza. Pelagia aliitaka ile kazi vibaya sana, magunia yalishammaliza mgongo.

Nikampa akili: "Ukiwa ndani, mkono wa kushoto ukalie. Ukipiga makofi watakutoa."

Siku yenyewe nikachungulia dirishani. Msimamizi, Reverien, akasoma *scissors*. Vijana wa kidato cha nne wakaandika chapchap. Pelagia kaukalia mkono, karatasi nyeupe peee. La pili likapita. La tatu likapita. La nne uvumilivu ukamwisha, akauchomoa mkono: pa, pa, pa!

Mlinzi wa mlangoni, mzee Nduwayezu, akainama kwa adabu akajibu: pa, pa, pa! Na vijana nao wakaitikia.

"Mnamsalimia nani?" Reverien akafoka.

"Samahani, mwalimu, naandika," Pelagia akasema. "Mimi naandikaga hivi."

Reverien alicheka mpaka akavua miwani. Mtihani ulipoisha akamtoa barazani, akamsomea yote upya, makofi ruksa. Kumi kwa kumi! Wa kidato cha nne aliyejitahidi alipata saba. Jumatatu Pelagia akapanda gari la shirika, kakaa mbele.

Ule ushauri wa kukalia mkono ulikuwa wangu. Nilikosea.